Ada za Tarehe Ishirini na Nane

Alhamisi, 2 Oktoba

Uji saa kumi na mbili na nusu. Hauna sukari. Daktari alikataza na Mwende hasahau. Kipimo cha mvua kikavu, siku ya mia na kitu.

Saa tatu ujumbe wa benki umeingia. Pensheni imefika. Nimeusoma mwenyewe, mara ya kwanza tangu nipasuliwe jicho mwezi wa Juni. Salio linalopatikana: shilingi elfu thelathini na moja. Nilitarajia elfu thelathini na nane. Nimepiga hesabu mara tatu kwa kalamu. Elfu saba hazipo.

Miezi hii yote kadi yangu ya benki imeshikwa na mtu mmoja tu. Mwende, mke wa kitinda mimba wangu Musyoka. Nampa cheo cha mke kabla ya wakati. Mbuzi wa ntheo hawajapelekwa kwao Nunguni, na kwetu Wakamba, mpaka mbuzi hao watatu wafike kwa baba yake, binti bado ni wa kwao. Tumepanga kuwapeleka tarehe 25. Musyoka ana duka la vifaa vya ujenzi huko Malili na huja nyumbani mara mbili kwa mwezi. Siku zilizobaki tuko wawili katika boma hili, mimi na yeye.

Elfu saba. Sitasema neno. Nitatazama.

Ijumaa, 3 Oktoba

Nimetazama. Ana viatu vipya. Vyeusi, vya kufunga kwa kishikizo.

Nimekumbuka jambo la Agosti. Jicho lilikuwa bado limefungwa, simu ikalia, akasoma ujumbe wangu bila kuombwa. "Baba, benki wanasema pesa haikutosha." Nilimjibu kwamba simu ya mtu si ubao wa matangazo. Akainamisha kichwa. Hakurudia tena. Kwa nini alitaka kujua mambo ya akaunti yangu? Mtu hachungulii kisichomhusu bila sababu.

Kumuuliza siwezi. Kuna nthoni kati yetu, ile heshima ya mkwe. Baba mkwe na mke wa mwanawe hawapeani kitu mkono kwa mkono wala hawajibizani ana kwa ana. Uji huuweka kwenye kigoda na kuondoka. Kadi ya benki tuliiweka katika kopo langu la zamani la chaki, juu ya rafu. Nilikuwa nikisema kiasi nikiwa nimetazama dirishani, naye anaichukua, anakwenda mjini, anairudisha koponi, pesa anaziacha ndani ya bahasha. Utaratibu wa heshima. Pia ni utaratibu unaomfaa mwizi.

Leo nimeitia kadi katika pochi yangu. Kopo nimelisukuma ndani ya droo.

Jumatatu, 6 Oktoba

Soko la mifugo, Kitui. Vumbi jingi. Nimechagua mbuzi watatu kwa Adan. Ukoo wake ulitoka upande wa Garissa kabla yeye hajazaliwa. Alisoma kwangu darasa la sita hadi la nane. Hesabu alikuwa mzuri, insha mbaya. Tumekubaliana elfu ishirini na saba. Atakaa nao hadi tarehe 25.

Nimemwandikia hundi. Akacheka. "Mwalimu, siku hizi watu wanatuma kwa simu." Nimemwambia hundi ina saini, tarehe na kiasi kwa maneno na kwa tarakimu. Akaikunja akaitia mfukoni kama tiketi ya basi.

Elfu thelathini na moja kutoa ishirini na saba. Zinabaki nne. Zinatosha mpaka mwezi ujao tukijibana.

Alhamisi, 9 Oktoba

Hundi imerudi. Fedha hazitoshi.

Adan amepiga simu mwenyewe. Sauti yake ina kicheko anachokizuia. "Mwalimu, hundi yako imefukuzwa. Imerudi nyumbani kama mtoto asiye na karo. Unakumbuka ulivyokuwa unatupanga mstari?" Nakumbuka. Jina lake nililisoma mara nyingi katika mstari huo.

Miaka arobaini na moja ya akaunti katika benki hiyo. Sijawahi kuandika hundi ikarudi. Kati ya tarehe mbili na leo kuna mtu amechukua zaidi ya elfu nne. Kadi ninayo mimi. Lakini namba ya siri yeye anaijua. Nasikia siku hizi wanaweza kutoa kwa simu bila kadi.

Sikula chakula cha mchana.

Ijumaa, 10 Oktoba

Nimempigia Musyoka. Nimemwambia safari ya tarehe 25 imesitishwa. Akauliza sababu. Nikamwambia siwezi kupeleka mbuzi kwa ajili ya mtu anayeniibia. Nikasikia mtu dukani kwake akiuliza bei ya misumari. Kisha akasema, "Baba, una hakika?" Nikamwambia nimefundisha hesabu za kuuza na kununua kabla hajazaliwa.

Nina hakika. Naandika hapa kwamba nina hakika.

Jumapili, 12 Oktoba

Kanisani. Mwende hakuonekana kwenye kwaya. Niliporudi, nyumba ilikuwa imefagiliwa. Kuku wamelishwa. Mtungi umejaa. Juu ya kigoda: dawa yangu ya jicho, kitambaa safi, na simu yangu ya zamani aliyokuwa akiitumia.

Jirani yangu Mama Kalekye ameniambia kupitia ua kwamba Mwende alipita alfajiri na begi moja, anakwenda kwao Nunguni. Musyoka ndiye aliyemwambia Mwende niliyosema. Mama Kalekye akaongeza, bila kuulizwa, "Mwalimu, huyo msichana viatu nilimpa mimi. Vya binti yangu, vilimbana. Niliona ukivitazama."

Nikamshukuru. Nikaingia ndani.

Viatu si ushahidi. Na kama viatu si ushahidi, elfu saba ni nini? Mtu asiye na hatia husubiri kuulizwa. Yeye hakusubiri.

Ila nani angemuuliza?

Jumanne, 14 Oktoba

Benki. Foleni ya saa moja na dakika ishirini. Nimeomba taarifa kamili ya akaunti tangu Juni, kurasa zote. Nimetozwa kwa kila ukurasa.

Kijana wa dirisha la tatu ana tai nyembamba na anazungumza akitazama kompyuta. Nimemwambia kuna wizi katika akaunti yangu na ninamjua mhusika. Akabofya. Akabofya tena.

"Mzee, hapa hakuna mtu ameiba. Hii ni ovadrafti. Si ulisaini?"

Nikamwambia sijawahi kukopa benki maishani mwangu.

"Uliomba Juni, mzee. Na zile zingine ni za kukosa pesa kwa akaunti. Iko kwa masharti." Akanipa kijitabu cha masharti na nakala ya fomu moja. Akamwita aliyekuwa nyuma yangu.

Sikuamini. Bado siamini. Kijana wa benki atasema chochote ili kulinda benki. Inawezekana pia wanashirikiana, yeye na Mwende. Nimeandika neno hilo nikaliangalia. Limekaa vibaya. Silifuti.

Jumatano, 15 Oktoba

Nimekaa mezani na miwani mipya, rula na kalamu nyekundu. Masharti ni kurasa ishirini na mbili, Kiingereza, herufi ndogo kama mbegu za mchicha. Nimeyasoma yote. Nayaeleza hapa kwa lugha ninayoiheshimu.

Kifungu cha tisa. Ovadrafti ni ruhusa ya kutoa zaidi ya ulichonacho, hadi kiwango kilichokubaliwa. Kiwango changu: elfu nane. Muda: hadi tarehe 5 Oktoba. Riba kila mwezi.

Kifungu cha kumi. Salio linalopatikana, lile wanalokutumia kwa simu, linajumuisha kiwango cha ovadrafti. Kwa hiyo elfu thelathini na moja nilizosoma tarehe mbili hazikuwa zangu zote. Nane zilikuwa za benki. Tarehe tano muda ukaisha, wakaondoa zao. Zikabaki ishirini na tatu. Tarehe sita nikaandika hundi ya ishirini na saba kwa mwandiko mzuri kabisa.

Kifungu cha kumi na nne. Agizo la kudumu, yaani malipo ambayo benki huyakata yenyewe kila mwezi, likikosa fedha, hurudishwa, na mteja hutozwa ada. Agizo langu ni la chama cha mazishi cha ukoo, kila tarehe 28. Nililiandika nilipokuwa mwalimu mkuu. Mshahara uliingia tarehe 25, kwa hiyo tarehe 28 ilikuwa salama. Pensheni huingia tarehe mbili. Miaka yote tangu nistaafu akiba ndiyo iliyoziba siku hizo chache. Jicho lilikula akiba. Julai, tarehe 28: limerudishwa, ada. Agosti, vilevile. Septemba, vilevile. Pensheni inapoingia wanajaribu tena, linapita, chama hakilalamiki, nami sijui.

Ada tatu na riba na gharama ya kufungua: elfu saba kamili. Thelathini na nane kutoa saba hizo, kutoa nane za mkopo nilizolipia hospitali nikidhani ni akiba: ishirini na tatu. Nimepigia mstari.

Kila shilingi aliyotoa Mwende imo katika taarifa. Kiasi kilekile nilichosema nikitazama dirishani. Hakuna zaidi hata senti.

Fomu sasa. Tarehe ya siku niliyolipia hospitali. Nakumbuka dirisha la benki, nakumbuka mwanamke mwenye sauti ya upole akisema fedha zimepungua kidogo ila benki itanisaidia, niweke saini hapa, na hapa, na hapa. Jicho moja chini ya bandeji, la pili likitoa machozi. Sikuona hata mstari. Ningeweza kusema, "Nisomee." Musyoka alikuwa amesimama nyuma yangu. Sikutaka mwanangu anione nikisomewa. Nikadhani ni karatasi za kutoa akiba yangu.

Saini yangu imetoka nje ya mstari, imepanda juu ya muhuri. Ningempa mtoto wa darasa la pili alama sifuri.

Nimewafundisha watoto wa wilaya nzima wasitie jina lao chini ya kitu wasichokisoma.

Benki haijavunja sharti hata moja. Nimetafuta mchana wote. Ingekuwa rahisi kama wangekuwa wezi.

Alhamisi, 16 Oktoba

Asubuhi nimevuta droo kutafuta stempu. Kopo la chaki. Nimelitikisa, likatoa sauti ya karatasi.

Chini kabisa, zimekunjwa ndogo: risiti zote za mashine. Nyuma ya kila moja, kwa penseli: tarehe, kiasi, kimenunuliwa nini. Unga. Dawa ya jicho. Mafuta ya taa. Nauli shilingi mia, na pale alipotembea ameandika "nauli hakuna". Moja ya Agosti ina maneno zaidi: "Baba benki wanakata kila 28 tafadhali uliza."

Hakuweza kunipa mkononi. Hakuweza kusema mara ya pili. Akaandika na kuweka mahali ambapo mkono wangu ungefika. Mkono wangu ulikuwa ukipapasa kadi tu.



Ijumaa, 17 Oktoba

Benki tena. Kubadilisha tarehe ya agizo la kudumu kutoka 28 hadi 6. Fomu ya ukurasa mmoja. Bure. Dakika nne. Nimeisoma kwanza, yote, watu wakisubiri nyuma yangu.

Nimemuuliza kijana wa tai nyembamba kwa nini hawakuniambia. Akasema, "Tulikuwa tunatuma ujumbe, mzee. Kila mwezi."

Walituma. Kuna aliyenisomea.

Jumamosi, 18 Oktoba

Nimeuza magunia mawili ya ndengu niliyokuwa nikingojea bei ipande. Haikupanda. Nimemlipa Adan taslimu, noti juu ya noti. Akahesabu, akasema, "Sasa rudi darasani, Mwalimu." Nimestahili.

Nimempigia Musyoka. Nimemweleza kila kitu kwa mpangilio, kuanzia saini. Sikuruka kitu. Akasema atakuja tarehe 25. Hakusema amenisamehe.

Jumamosi, 25 Oktoba

Nunguni. Baridi, ukungu mpaka saa nne. Mbuzi watatu nyuma ya pikapu, mimi na Musyoka mbele.

Baba yake Mwende ni Mzee Kilonzo, mkulima wa kabeji, mtu wa maneno machache. Wazee sita wa ukoo wao. Tulipokaribishwa viti nilisimama. Nikasema: kabla hamjawapokea mbuzi hawa, jueni kwamba nilimwita binti yenu mwizi. Hapakuwa na mwizi. Nilitia saini karatasi ya benki bila kuisoma, kisha nikamlipisha yeye kosa langu.

Wazee wakatazamana. Mzee Kilonzo akatema mate pembeni. "Mwalimu, benki ina ada zake. Na sisi tuna zetu. Mbuzi wa nne."

Wengine wakacheka. Yeye hakucheka. Nimekubali. Atafika kabla ya Krismasi, na nimeiandika tarehe.

"Na hayo maneno," akasema, "sisi tumeyasikia. Mwenyewe je?"

Nilisimama nikiutazama mlango wa jikoni uliofungwa nusu. Nikayasema tena, polepole, kwa mlango. Sufuria ikafunikwa. Kisha sauti yake:

"Nimesikia, Baba." Kifuniko kikalia tena. "Dawa ya jicho umetia leo?"

Sikuwa nimetia.

Mbuzi walipokelewa saa nane. Jioni tulirudi watatu.

Jumanne, 28 Oktoba

Mvua usiku. Milimita kumi na sita. Uji saa kumi na mbili na nusu, hauna sukari.

Saa tatu simu imelia. Nimeiweka juu ya kigoda, nikageuka kutazama dirishani. Nikasema, "Isome."

Mwende aliacha ufagio. "Ni ya kampuni ya simu, Baba. Wanauza bando."

"Yote."

Akaisoma yote, mpaka masharti na vigezo kuzingatiwa.

Benki haijaandika.