Kwa Shemeji Aliyebandika Tangazo

Sofia,
9 Julai 1957

Shemeji Stamen,

Niliandika "mpendwa" nikalifuta. Utaniwia radhi, au usiniwie, kwangu ni mamoja.

Desturi inataka nikuulize hali kabla ya jingine lolote, nami si mtu wa kuacha desturi, ingawa wewe umewatangazia watu kwamba ndivyo nilivyo. Haya, hujambo? Mgongo unaendeleaje? Mkeo Gena kapona kikohozi? Mimi sijambo, napumua. Joto limezidi, cheri zimekwisha sokoni, na nyumba imekuwa kubwa ghafla.

Kadi yako nimeipata. "Kijana yuko hapa, anakula." Basi! Nyinyi watu wa Gabrovo mnaokata paka mikia ili mlango ufungwe upesi joto lisitoke, hata maneno mnabania. Mama hajamwona mwanawe tangu siku ya fainali, wewe unamwambia anakula. Anakula nini? Usingizi anapata? Anasema nini juu yangu? Nataka Ognyan arudi nyumbani kabla ya arobaini ya baba yake, mwisho wa mwezi huu. Hilo ndilo ninaloliandikia. Mengine yote humu ni hasira, nawe utaisoma mpaka mwisho, kwa kuwa ni wewe uliyeipika.

Nasikia unasema nilimzika Metodi kama mbwa wa jalalani. Mimi! Niliyemfulia mashati yake ya tramu tangu tulipooana!

Ulikuwa wapi wewe alipoanguka pale karakana ya tramu? Mashindano ya Ulaya ndiyo kwanza yameanza, mji mzima unaongea habari za mpira wa kikapu tu, na mwanangu kafungiwa hotelini pamoja na timu ya taifa. Mwaka mzima goti lilikuwa limemweka nje. Mwaka huu wakamwita, na mechi zenyewe zinachezwa hapa hapa Sofia, kwenye uwanja ambao baba yake alipita mbele yake kila siku akigonga kengele ya tramu. Niliporudi kutoka hospitali nilikaa jikoni nikawaza. Nikimwambia, atavua jezi saa ile ile, ampishe mwingine, na Metodi hatafufuka. Basi nikaamua. Peke yangu, bila kumuuliza padri wala wewe.

Kiongozi wa timu nilimweleza mwenyewe. Alikubali upesi mno mpaka nikamchukia. Majirani nao wakaahidi kufunga midomo. Na mlangoni sikubandika tangazo la kifo, kama ilivyo desturi yetu.

Hapo ndipo ulipowaka. Ulishuka kwenye treni siku ya mazishi, ukasimama barazani ukipiga kelele mtaa mzima usikie: "Mtu kafa, mlango mtupu? Wala mtini, wala kwenye nguzo? Zlatka, huyu ni ndugu yangu, si paka!" Nikakuvuta jikoni. Nikakwambia, "Mpaka mechi ya mwisho tu, shemeji. Halafu bandika hata kwenye paji la uso wangu." Ukasema, "Nimesikia." Nami nikakuamini, mjinga mimi.

Sasa nikueleze jambo usilolijua, kwa maana kila mtu amekusimulia lake isipokuwa mimi.

Ognyan tangu utoto hunitafuta jukwaani kabla ya mchezo kuanza. Asiponiona hatulii. Akiniona nimevaa nyeusi je? Si angejua pale pale? Basi nyumbani nilivaa nyeusi, na kila jioni ya mechi nikavaa lile gauni la maua mekundu analolipenda. Juu yake nikatia koti la Metodi, mwezi wa Juni, jasho likinichuruzika, nikalivua nikishafika kwenye kiti. Jirani yangu Dobra alinikuta ngazini koti limefunguka. Akasema, "We Zlatka, hata udongo haujakauka!" Kwenye foleni ya mkate mzee mmoja alitema mate karibu na viatu vyangu. Nikaenda uwanjani nikapiga makofi mpaka viganja vikawaka moto, na kila mara alipofunga nikaruka na kupunga leso kama mwendawazimu. Unadhani ilikuwa raha? Unadhani mjane hucheza ngoma kwa kupenda?

Na ilikuwa inakwisha, Stamen! Ilibaki mechi moja!

Fainali, dhidi ya Warusi, ikaangukia siku ya tisa ya marehemu, siku ya kumwombea. Ukaja kwa hiyo siku ya tisa na matangazo yamekwisha kuchapwa, ukingo mweusi, picha ya Metodi na kofia ya kazi, jina lako chini yake, na kopo la gundi ndani ya begi. Wewe ambaye mgeni akija unahesabu vijiko vya sukari! Hukubandika mlangoni, uliogopa ningeyachana. Ulikwenda kuyabandika kituo cha tramu, pale madereva wanapokunywa kahawa, karibu na bustani ya uwanja. Unasema hukujua kwamba wachezaji hupita pale kwa miguu. Sawa, hukujua. Lakini ulijua kwamba sikutaka.

Najua utanitupia methali, mficha maradhi kilio humfichua. Nitupie tu. Ila aliyenifichua si kilio, ni wewe na brashi yako.

Timu ilipotoka, uwanja ulitetemeka kwa kelele. Nikavua koti, nikasimama, nikapunga leso. Ognyan akanitafuta, akaniona. Hakupunga mkono. Alinitazama mimi, akatazama gauni, akanitazama tena. Nikajua kasoma tangazo lako. Niliokota koti la baba yake pale chini nikalivaa na kufunga vifungo vyote, lakini alikuwa amekwisha kuona, na watu walionizunguka walikuwa wananiuliza kama ninaumwa.

Alicheza, wasije wakakudanganya kwamba hakucheza. Alicheza kama anagombana na mpira wenyewe. Warusi wakatushinda, tukapata medali ya fedha, watu wakalia na kukumbatiana hata hivyo. Nilimngoja langoni. Akaja na begi begani na medali bado shingoni, akasimama mbali nami kidogo.

"Gauni limekupendeza, mama," akasema.

Nikamwambia, "Mwanangu, ngoja nikueleze."

"Baba alizikwa lini?"

"Jumapili iliyopita."

"Jumapili tuliimba ndani ya basi. Mimi ndiye niliyeanzisha wimbo." Kisha akasema, "Naenda kwa baba mkubwa. Yeye angalau kanichukulia kuwa mtu mzima."

Akaondoka. Wenzake wakabaki wananitazama.

Kwa hiyo umeshinda, shemeji. Umempata. Najua unamtembeza kiwandani kwako umwonyeshe kwa mafundi wenzako, na medali yake. Mwonee haya Mungu. Kijana kafiwa, si farasi wa maonyesho.

Arobaini itafanyika Sofia, alipolala Metodi, si Gabrovo, hata kama umekwisha kuwaalika nusu ya kiwanda. Ngano ya marehemu, ya kuwagawia waombolezaji, nitaichemsha mimi, Gena asijisumbue, yeye huitia sukari mpaka inanata. Matangazo ya arobaini bandika unavyotaka, kila nguzo, kila mti, kwenye mlango wangu pia. Gundi nitakuazima. Ila mlete Ognyan. Akikataa, mwambie ni kwa ajili ya baba yake. Akikataa tena, mshike mkono umpandishe treni. Wewe una nguvu za kubandika, huna za kuvuta?

Msalimu Gena, mwambie ajifukize kwa majani ya mti wa mlinde, dawa ya hicho kikohozi. Msalimu na mama mkwe wako, mwambie sijamsahau, na kwamba blanketi lake nitalituma. Goti la Ognyan lisikandwe kwa maji ya moto, ni baridi tu, daktari alikataza. Mungu awalinde hapo nyumbani, wewe pia, maana nakuhitaji mpaka mwisho wa mwezi.

Kwake nimeandika mara mbili na bahasha zimerudi hazijafunguliwa. Basi inanibidi nipitie kwako, na Mungu anajua ninavyouchukia mlango huo. Mwambie mama yake anamsalimu. Mwambie sikuwa nasherehekea. Mwambie kwamba ile mechi ya katikati ya mashindano, alipobebwa juu juu na wenzake akicheka, nilimwona, na sikuwahi kumwona amefurahi vile maishani mwake, na kwamba kwa ajili ya kicheko kile, ingekuwa leo, gauni lile ningelivaa tena.

Hapana. Hilo usimwambie. Mwambie tu nyumbani kuna chakula.

Ni mimi shemeji yako, ambaye hajakusamehe na hana mwingine wa kumwomba,

Zlatka