Komeo la Nje

Jumatatu, 1 Juni 1992

Baridi ya Lemara inauma. Mwanangu Princess kakohoa usiku kucha, sijalala. Asubuhi mama mkwe kasimama uani, majirani wote wanasikia: mabelo yake ya mitumba yanafika Ijumaa, "stoo yangu" iwe tupu.

Stoo! Ndimo tunamolala mimi na mtoto tangu mume wangu Godbless aende Mererani kuchimba. Nikamwuliza, sasa sisi twende wapi, mama? Kajibu: kwenu Marangu, mume akirudi atakufuata. Marangu kwa nani? Wazazi wangu wote wamelala chini ya migomba.

Jumatano, 3 Juni

Babu Elieza kaleta maziwa kutoka Kikwe. Nikamwuliza hili neno stoo lilitoka wapi. Kacheka mpaka kashikilia kidumu. Eti kwao Meru halikuwepo: mahindi darini juu ya moshi, mbuzi pembeni, watoto katikati, wote nyumba moja. Neno kaja nalo mzungu wa kahawa, pamoja na kufuli.

"Posho ndani, sisi nje kwenye foleni. Stoo, mjukuu wangu, hufungwa kwa nje. Nyumba hufungwa na aliye ndani."

Kapima maziwa, kaenda zake. Mimi nimebaki naangalia mlango.

Alhamisi, 4 Juni

Nimerudi kutoka bombani — fundi kashapigilia komeo. Upande wa nje!

Humu humu mama mkwe aliniwashia moto nilipojifungua. Mtori wa uzazi alileta yeye, maji ya kunikanda yeye. Na alipiga hodi kila mara, akasimama mlangoni mpaka nimwitikie. Godbless akijiingilia tu anafokewa: "Kwa mzazi haingiwi hivi hivi, we ng'ombe!"

Sitoki. Simtukani, ila sitoki.

Ijumaa, 5 Juni

Mkokoteni uko getini. Nimefunga kwa ndani. Princess mgongoni, moto kwenye mafiga, naandikia gotini. Wabeba mizigo wanatania: mama, stoo yako inafuka moshi, mitumba siku hizi inapikwa?

Mama mkwe hakucheka. Kandambili zake zinakuja. Funguo zinagongana. Komeo limelia — ananifungia! Mungu wangu.

Princess kakohoa.

Namsikia anavyohema, ubao tu kati yetu. Wale wanauliza, tushushe, mama?

"Hodi," kasema. Polepole, kama siku zile za mtori. "Hodi, Mama Princess."

Mabelo bado yako nje. Kufuli bado analo mkononi, nalisikia likigusa ubao. Mimi bado sijaitika.