Pigia Honi Kwetu

Katonga, Kigoma
14 Novemba 2021

Kwa dada yangu mpendwa Elida,

Shikamoo dada. Natumaini barua hii itakukuta mzima, pamoja na shemeji Oswald na watoto. Kile kikohozi cha Mapendo kimepona? Mimi mwili ni mzima. Huku mvua zimeanza, dagaa hawakauki, watu wanaanika asubuhi na kuanua kabla ya saa sita.

Utashangaa kwa nini nimeshika karatasi wakati simu ipo. Najua huko kwenye kambi ya wakimbizi simu yenu ni moja kwa nyumba nne, na ujumbe ukifika mnausikiliza kwa spika, majirani wamekaa. Haya nataka uyasome peke yako. Gervasi, yule anayepeleka dagaa Kasulu, ameniahidi kwamba atakukabidhi mkononi.

Umeniuliza mara nyingi jinsi chaneli yangu ya video ilivyoanza, nami nikawa nakujibu juujuu. Mwanzo nilikuwa narekodi gemu ya mpira kama vijana wote. Yassir, fundi simu wa Kibirizi, ndiye aliyenifundisha kurekodi kioo cha simu pamoja na sauti yangu. Nilipiga kelele, nikaiga watangazaji, nikatia maneno ya mjini ambayo hata siyasemi. Miezi mitano nikawa na watazamaji kumi na mmoja, na wawili kati yao ni mimi na Yassir. Yassir aliniambia bila kunificha kwamba wa aina yangu wamejaa, nitafute kitu ambacho mwingine hana.

Nikahamia gemu ya kuendesha basi. Siku hiyo mama alikuwa nyuma yangu anachambua dagaa, akauliza hilo basi linakwenda wapi. Nikamjibu haliendi popote, ni barabara za Ulaya tu. Akasema kama haliendi popote basi lipitishe kwetu. Akasogeza kigoda chake. Kwenye kioo maji yalikuwa upande wa kushoto, kama ziwa lilivyo kule ng'ambo kwetu kabla ya ukimbizi, naye akaanza kutaja: hapa ndiyo tumetoka Uvira, hapa Makobola, pale penye miti mirefu ni Swima, alikokuwa akiuza mawese akiwa msichana. Tulipofika kwenye kilima fulani alinishika bega, akaniambia nipunguze mwendo, tumefika Mboko, bibi yetu amelala hapa, na hatupiti bila kumsalimia. Nikapiga honi. Mama akainamisha kichwa, akamwamkia mama yake kwa Kibembe, akamweleza tuko wangapi na nani amezaa.

Sikuiondoa sauti yake kwa sababu nilikuwa bado sijui kukata. Baada ya siku mbili watu mia nne walikuwa wameitazama, wengi wao wa huko kambini. Mmoja aliandika, "Kesho pigia honi kwetu Swima, baba yangu yuko pale." Mwingine akataja makaburi matatu. Hivyo ndivyo chaneli ilivyopata njia yake, dada. Mimi nilikuwa naendesha, mama anasalimia.

Ungemwona alivyokuwa akijiandaa. Kila alasiri alioga, akajifunga kile kitenge chake cha njano, akapakata mkoba mapajani kama abiria kweli. Nilimdai nauli kwa mzaha, akajibu kwamba mzazi wa dereva halipi, na dereva mwenyewe anaendesha kama mtu aliyeiba kuku. Siku nilipogonga gari la watu, alikataa tuendelee mpaka nishuke nikaombe radhi. Nilimweleza kwamba ndani ya gemu hakuna kushuka. Akasema ndiyo maana Wazungu wa humo hawasalimiani. Watazamaji walifika elfu tisa, wakamwita Mama Abiria.

Sasa nakuja kwenye jambo lenyewe.

Safari zetu zote ziliishia Mboko. Mama akishamsalimia bibi aliridhika, nami nazima. Lakini watu walianza kulalamika kwamba kila siku Mboko, lini tutafika Baraka. Nikawaahidi kwamba Jumanne tarehe nane Juni tutafika Baraka, na watoe majina ya wapendwa wao wa kule. Walileta majina sitini. Niliyaandika kwenye daftari.

Dada, nilikuambia kwamba mama alizidiwa ghafla. Haikuwa ghafla. Tangu asubuhi ya Jumanne alikuwa ameniambia kichwa kinamgonga na mkono wa kushoto una ganzi, nimpeleke zahanati. Nikamwambia anywe maji apumzike, tutakwenda tukimaliza safari. Hakubishana. Alijifunga kitenge, akachukua mkoba, akakaa nyuma yangu. Nilimwona na nikafurahi, nikadhani amepata nafuu. Nadhani hakutaka kunivunjia ahadi yangu kwa watu.

Tulipopita Swima alisema, "Nishushe hapa mwanangu, mimi sifiki Baraka." Umemsikia mwenyewe kwenye video. Uliniambia kwamba mnapofika hapo mnacheka hadi machozi, na watoto wanaigiza. Nami nikamjibu kwa sauti ya kondakta, "Kaa chini mama, basi letu halishushi njiani." Watu elfu mia mbili wamelisikia jibu hilo, na wengi wameweka alama za kicheko.

Tukafika Mboko. Nikapiga honi. Mama hakusalimia. Tangu tuanze hajawahi kumpita bibi kimya. Nilijua, dada. Nakuandikia wazi kwamba nilijua kuna kitu. Lakini nilikuwa na yale majina sitini, na Baraka ilibaki dakika kumi na mbili. Nikapiga honi mara ya pili, nikaendelea. Nilisoma majina yote mpaka la mwisho. Nilipogeuka, alikuwa ameegemea gunia la dagaa, mdomo umekwenda upande, na mkoba bado ameushika kwa mkono wa kulia.

Nilimpigia Yassir simu, tukampakia kwenye bajaji. Zahanati wakapima presha, wakatuambia tukimbie naye hospitali. Daktari aliuliza imeanza saa ngapi. Nikamdanganya yeye kwanza, kabla yako wewe. Saa tatu usiku akafariki. Wewe ulikuwa bado unafuatilia kibali cha kutoka kambini, na kilipopatikana tulikuwa tumeshazika.

Siku ya nne baada ya mazishi niliirusha video ile. Nilijisemea kwamba watu wasikie sauti yake. Kweli ni kwamba walikuwa wakiidai, na mimi sikutaka kuwapoteza. Ndiyo iliyotazamwa kuliko zote. Tangu hapo sijaendesha tena. Yassir alinihimiza niweke mwanamke mwingine aigize sauti yake, nikamwambia asirudie neno hilo.

Nimekaa mara nyingi na kidole juu ya kitufe cha kufuta. Nikifuta, na sauti yake inakwenda. Nikiacha, watu wanaendelea kumcheka mama yetu akiomba kushuka. Wewe ni mkubwa wangu, uamue. Ukisema nifute, nitafuta siku hiyo hiyo. Ukisema hutaki kuniona tena, nitaelewa pia. Kitenge cha njano nimekufulia, Gervasi anacho pamoja na barua hii. Mkoba naomba nibaki nao. Ndani mna leso, pipi mbili za kifua na kipande cha karatasi alichoniambia ni tiketi.

Wasalimie shemeji, Mapendo na wadogo zake. Waambie mjomba wao anawapenda.

Dada, kabla hujaamua, iangalie mara moja ukiwa peke yako. Utakapofika Mboko, honi inapolia na mama yuko kimya, msalimie bibi wewe kwa niaba yake. Ukiwa unawataja walio hai, unikumbuke na mimi.

Ni mimi mdogo wako,
Zefania