Mininga Yenye Rangi Nyeupe

Mugoma, Ngara
12 Mei 1996

Kaka yangu Ildefonce,

Shikamoo. Natumaini barua hii itawakuta salama huko Kaniha, wewe, wifi na watoto, na kwamba mvua imewaachia mihogo kidogo. Sisi huku tupo. Mguu wa mama unavimba jioni na kushuka asubuhi. Mimi sina ugonjwa. Nakula, nalala, naamka, nafagia. Tangu tumzike baba sijalia, na watu wameanza kuniangalia.

Pole tena kwa kutowahi mazishi. Maneno uliyompa Secilia aniletee yamenifikia: kwamba hata huko wanasimulia jinsi mzee wa Mugoma alivyokata miti ya marufuku, na kwamba niende kwenye kamati ya mazingira niseme alikuwa amepungukiwa akili, ili tusamehewe adhabu. Nimeyafikiria. Lakini kwanza nikueleze mambo yalivyokuwa, maana ulipohama vilima vyetu vilikuwa bado na miti.

Wakimbizi wa vita waliowekwa kambini huku kwetu wanapewa maharage na mahindi bure, lakini mwanzoni kuni hawakupewa. Maharage yale ni makavu, yanataka moto wa kutwa nzima. Basi mtu anatoa sehemu ya posho yake apate kuni za kupikia sehemu inayobaki. Na sisi wenyeji tukaweka majembe chini tukashika mashoka, kwa sababu mzigo wa kuni ulileta chakula upesi kuliko shamba. Nimpaye, yule mama Mrundi anayekuja kutoka kambini kutusaidia kupalilia, alikuwa akimtania baba kwamba sisi Wahangaza tunakula maharage ya wakimbizi bila kukimbia vita. Baba akamjibu kwamba maharage yao yana vichwa vigumu kama wenyewe. Nimpaye alimwita sogokuru, yaani babu, na baba alipenda kuitwa hivyo.

Baadaye shirika moja likaanza kuleta kuni kwa malori na kuzigawa bure, ili miti ipate kupona. Watu wakaacha kuloweka maharage, wakaacha kufunika vyungu, na kuni za lori zikiisha wanarudi mlimani kama kawaida. Baba alisema kitu cha bure hakina mfuniko. Yeye alifunika chungu kwa jani la mgomba mpaka mwisho wake. Akiona kiko wazi hakugomba, aliinuka mwenyewe kwa fimbo yake akakifunika.

Ndipo ikaja rangi. Mti uliozungushiwa rangi nyeupe usikatwe, hata kama umesimama shambani kwako. Lakini unakumbuka zamani, bwana misitu akitia alama, mti huo ndio wa kuangushwa. Wengi walichanganya. Kwa hiyo baba alipoangusha mininga yetu miwili ya mpakani, ile aliyoibakiza babu wakati anafyeka shamba, kila mtu alisema mzee ameisoma rangi kwa macho ya zamani. Mwenyekiti wa kamati alimwambia mbele za watu kwamba kama cheupe ndicho cha kukatwa, basi aanze na kichwa chake. Watu walicheka na baba naye alicheka. Akapasua kuni pole pole, akazipanga nyuma ya nyumba, akazifunika kwa nyasi. Kifua kilikuwa kimeshaanza kumsumbua.

Kaka, baba hakuchanganya kitu. Tangazo la rangi ni mimi niliyemsomea, na alinirudishia neno kwa neno. Siku alipomaliza mti wa pili nilimwuliza kwa nini. Alisema anaukumbuka msiba wa mzee Nyandwi mwaka jana. Watu walikuja na mabua ya mahindi, wengine mikono mitupu, maana hakuna aliyekuwa na ukuni wa kupeleka. Chakula hakikuiva, na kabla jua halijazama mjane alikuwa amebaki peke yake uani. Alisema watu msibani wanaletwa na huzuni, lakini wanakalishwa na moto. Hakutaka mama aachwe namna ile. Alinikataza kumwambia yeyote, kwa sababu mtu anayejikatia kuni za matanga yake ataambiwa anajichuria. Alisema afadhali waseme mzee amesahau.

Na watu walikaa. Nimpaye na wenzake wa kambini pia walikaa, mpaka tulipoanua matanga. Mama hakubaki peke yake hata kidogo.

Jana nilikwenda kwenye kamati. Niliwaambia haya niliyokuandikia, sikusema lile ulilonituma. Mwenyekiti akasema kanuni ni kanuni. Kwa adhabu hiyo nitapanda miche kilimani mvua zote za vuli. Wala sioni kwamba wamekosea. Kilima kiko uchi, na maji ya kisima cha bondeni yamekuwa mekundu. Nimekubali tu.

Mama anakusalimu sana, anasema uje ukipata nafasi. Nimpaye pia anakusalimu ingawa hajawahi kukuona. Mfikishie wifi salamu zangu, na watoto uwashike vichwa kwa ajili yangu.

Wakikucheka huko Kaniha, waambie baba yetu aliikata ile mininga akiwa na akili zake zote. Wewe ndiye mkubwa, neno lako watalipokea.

Ni mimi mdogo wako,
Benedicta