Niliuzima Mshumaa wa Majilio

Satellite, Nairobi
Jumanne, baada ya Jumapili ya tatu ya Majilio

Mwaitu, mama yangu,

Macho yanaendeleaje? Yale matone ya dawa bado unayatia asubuhi na jioni, au umeanza tena kuyawekea akiba? Na mvua imewafikia, ndengu zimetoa maua? Mimi ni mzima, ila mgongo unaninung'unikia kwa kubeba viti. Simu unasema inakula maneno, basi nimekaa chini nikaandika.

Najua atakayekusomea ni Kioko. Ndugu yangu, hujambo. Soma polepole, na ukifika pale pachungu usiruke mstari. Mama atajua. Wewe ukiruka kitu sauti hupanda.

Mama, nataka kukueleza habari za mchungaji wetu wa kanisa la Mutuini, Mchungaji Gathoni. Unanijua, mimi si mtu wa kusifu watu. Nimekodisha mahema na viti miaka kumi na minne, nimesikia wahubiri kwenye arusi na matanga mpaka nawapima kwa saa: wengi huanza kujirudia dakika ya thelathini. Huyu hajawahi kupita dakika ishirini na mbili, na ukifika nyumbani unazikumbuka zote. Jumapili hufika kabla yangu mimi mwenye viti, nami humkuta na kitambaa anavipangusa. Nikimwambia awaachie vijana, ananijibu, "Nikipangusa kiti ninamwombea atakayekikalia. Wewe endelea kuhesabu."

Mwaka huu alituletea jambo jipya. Hatukuwa na desturi ya Majilio. Desemba yetu ilikuwa kwaya, nguo mpya, na kuulizana nani anaenda ushago, kijijini kwao, lini. Yeye akasema zile Jumapili nne kabla ya Krismasi tutazishika, tungoje pamoja. Akaweka sinia mezani, akalizungushia matawi ya msaipresi, na katikati mishumaa minne. Jumapili ya kwanza unawashwa mmoja, ya pili miwili, hivyo hivyo. Wa kwanza unaitwa tumaini. Haya yote aliyaeleza Jumapili ambayo sikuwepo, nilikuwa nang'oa hema kwenye sherehe ya mahari.

Basi Jumapili ya kwanza ikafika. Maombi, watu wote wamefumba macho. Mimi, kama kawaida, macho wazi, nahesabu watu. Nilikuwa nimefika mia moja kumi na sita nilipoona mshumaa unawaka mezani na taa zote za kanisa zinawaka pia. Mama, wewe ndiye uliyenilea. Mshumaa huwashwa stima ikipotea, na stima ikirudi, mshumaa unarudi kwenye kopo. Nikanyata, nikaupuliza, nikautia kwenye droo. Nikaendelea: mia moja kumi na saba.

Amina ikasemwa. Wakafumbua macho, wakaona moshi.

"Nani amezima tumaini?" Mchungaji akauliza.

"Ni mimi, Mchungaji. Stima iko."

Kanisa likapasuka kwa kicheko. Mama Njeri wa kwaya akapaza sauti, "Huyu Mutua angekuwa Bethlehemu angezima hata nyota! Angesema inakula tokeni za stima!"

Masikio yangu yalikuwa moto. Lakini Mchungaji alikuja mwenyewe mpaka kwenye droo, akautoa, akaniwekea kiberiti mkononi. "Ndugu Mutua amenipunguzia mahubiri," akasema. "Sote tuko hivi. Kwetu mshumaa ni wa dharura, giza likishatupata ndipo tunapapasa kiberiti. Majilio yanasema washa mapema, kabla hujajua utauhitajia nini."

Mzee Kamau, yule hukaa mbele na kuuliza maswali katikati ya ibada, akainuka. "Lakini Mchungaji, hii si ni mambo ya wazungu? Wao Desemba wako na baridi na giza. Sisi ni jua tu."

"Mishumaa ni yao, Mzee, sikatai. Kungoja ni kwetu. Mama yako akipika, hakukuwa na sahani aliyoifunika?"

"Ilikuwako."

"Ya nani?"

"Ya mgeni."

"Mgeni gani?"

"Yeyote. Yule hajasema anakuja."

"Basi, Mzee, ulifundishwa Majilio kabla ya kufundishwa kusoma."

Mama, nilisimama pale na kiberiti nikaona sahani yako ya bati yenye ukingo wa bluu, muthokoi wa mahindi na maharagwe ndani, nyingine imeifunika. Dada Mwende aliniambia kwamba Krismasi iliyopita ulifunika sahani hiyo, na watoto walipoiomba ukasema hapana, ni ya Mutua. Nilimwambia Mwende abadilishe mazungumzo.

Kioko, hapa ndipo. Soma.

Desemba tatu zilizopita nilifika na mkoba wangu, nikakuta nyumba yangu ya pale chini langoni imebomolewa na matofali yake yamejenga banda la kuku. Matofali elfu moja mia moja na arobaini. Niliyafyatua kwa mikono yangu nikiwa na miaka kumi na tisa, nikayachoma mwenyewe, hakuna aliyenisaidia hata kuchota maji. Kioko, ulibomoa bila hata kunipigia simu. Nililala kwenye gari nikisikia kuku wako wakilala kwangu. Na wewe Mama ukasema, "Ni nyumba tu, mwanangu." Neno hilo liliniuma kuliko banda. Ndiyo sababu sijaonekana Krismasi tangu wakati ule. Si kazi nyingi, kama nilivyokuwa nikisema.

Wiki ya pili Mchungaji aliniomba nimsindikize hospitali kubwa kule Upper Hill, nimbebee kigoda. Kumbe kila Alhamisi huenda kukaa na wagonjwa wasio na wageni, na viti havitoshi. Alikaa na mzee mmoja saa nzima, hakuongea sana, alimkata kucha. Nimewatazama watu wengi wakihudumu, Mama, lakini wengi wana jicho moja kwenye saa. Huyu hakuwa na pengine pa kwenda.

Tukiteremka kuelekea steji ya magari akaniuliza, "Krismasi unaenda nyumbani?"

"Sina nyumba kule, Mchungaji." Nikamweleza yote.

"Matofali mangapi umesema?"

"Elfu moja mia moja na arobaini."

"Una kichwa kizuri. Na mama ana miaka mingapi?"

Mama, mimi ninayejua idadi ya vigingi katika kila gunia, sikuwa na hakika kama ni sabini na sita au sabini na saba. Nilitembea mpaka stejini nikipiga hesabu kwa vidole.

Hakunisuta. Alisema tu, "Yule tunayemngoja, Mutua, alikuja baada ya nyumba kuwa tayari? Na baada ya watu kumwomba msamaha?" Kisha akapanda gari, akaniachia kigoda.

Jana nilimpa mshindani wangu wa Kawangware kazi zangu zote za kuanzia tarehe ishirini na tatu. Alidhani ninaumwa.

Ninakuja, Mama. Tarehe ishirini na tatu, kabla ya jua kuzama. Kioko, sitakuuliza habari za matofali. Pengine nitayahesabu, lakini kimya kimya. Na usihamishe kuku. Nakuja na hema langu dogo, nitalisimamisha pale pale kando ya banda, na nitalala kwangu. Ukitaka kunishikia kamba, njoo. Peke yangu nitachukua nusu saa, wawili dakika kumi.

Mama, mwambie dada Mwende namletea viatu vya kanisani alivyoagiza. Msalimie mke wa Kioko, ambaye hana kosa katika haya, na mjomba Nzioka aliyenifundisha kufyatua tofali, na shangazi Kalondu, umwambie nimempata mchungaji anayemaliza mapema kuliko wake. Umebaki mshumaa mmoja, nitauwasha Jumapili ndipo nifunge safari.

Ombi langu ni dogo. Sahani yangu mwaka huu usiifunike. Ipakue ikiwa moto, nitakuwa nimekaa.

Mwanao anayekuja,
Mutua