Kaka Yangu Yuko Ng'ambo ya Mto

Jumatano, tarehe 6, mwezi wa nane

Bendera za kaka yangu zimeonekana ng'ambo ya mto. Nilizijua kabla mlinzi hajasema — za kwanza nilizishona mimi, kabla sijaolewa. Mume wangu Nagatsune, mkuu wa ngome hii, ameshika bakuli la uji wa mchele mpaka likapoa. Hatukumtaja Ito, binti yetu. Ana miaka saba, na yuko mlimani kwa Bwana Tokihara, amewekwa rehani ili baba yake asimsaliti bwana huyo.

Alhamisi, tarehe 7

Kaka amemtuma mzee Hirabe, aliyenibeba mgongoni utotoni. Eti lango lifunguliwe, hakuna atakayeguswa, mashamba tubaki nayo. Nagatsune alimsikiliza mpaka mwisho.

"Na mwanangu?"

Mzee akatazama mkeka.

Ijumaa, tarehe 8

Watu wa kaka wamechoma vijiji vya bondeni. Moshi mpaka jikoni. Askari wananyamaza nikipita. Sonobe, msaidizi wa mume wangu, amemwambia kwamba adui mmoja tayari yumo ndani. Alitaka nisikie. Nimesikia.

Jumamosi, tarehe 9

Niliomba mwenyewe niende kwa kaka, ng'ambo ya mto. Sonobe akapinga. Nagatsune akaniruhusu bila kunitazama.

Kaka amenenepa! Alilia kidogo, akanikatia kipande cha tikiti kwa mkono wake. Halafu akasema Tokihara amekimbia ngome yake, watoto wa rehani wameachwa, na watu wake yeye kaka wamemchukua Ito.

"Yuko salama kwangu. Mwambie shemeji afungue kabla jua halijazama. Baada ya hapo siwazuii tena watu wangu."

Nikasema nataka kumwona. Yuko njiani, akasema, mvua imeharibu barabara.

"Mdogo wangu, nimewahi kukudanganya?"

Mara nyingi. Siku ya kuolewa kwangu aliniapia kwamba vita vimekwisha.

Kama ni kweli, tumepona sote. Kama ni uongo, Tokihara bado yuko mlimani, atasikia tumefungua, na Ito — siwezi kuandika.

Nimerudi. Nimesema naosha miguu kwanza. Nagatsune yuko nje ya mlango. Ameuliza mara moja tu, taratibu, kaka yako kasemaje. Nikimwambia, ataamini. Anataka kuamini kuliko mimi. Nisipomwambia, tutaungua humu wote, na pengine mtoto alikuwa salama.

Simsikii akitembea. Amesimama tu.

Miguu imeshakauka.