Disk ya Mulama Ilivuka Mpaka

Hanan uko? Weka hiyo chai chini kwanza.

Si unajua Emmaculate, yule wa ofisi ya kuclear mizigo hapa Malaba. Mwaka mzima anamwambia bosi wake Mulama alipie nafasi ya kuhifadhi faili za zamani mtandaoni, ile ya bei rahisi kabisa. Mulama anacheka tu. "Nilipie hewa kila mwezi?"

Akahamisha faili zote kwa hard disk moja, akafuta zile chache za nafasi ya bure mtandaoni, akampelekea binamu yake ng'ambo Uganda amwekee. Ati data ikikaa nchi nyingine ndiyo salama.

Binamu mwenyewe kazi yake ni kuuzia madereva wa trela muvi. Malaba yote inajua.

Leo wakaguzi wa kodi wameketi ofisini wanataka karatasi za mizigo ya zamani. Disk ikaletwa. Emmaculate akaichomeka mbele yao, akafungua.

Muvi.

Hanan, muvi tupu, zile za kutafsiriwa Kiganda. Karatasi hata moja hakuna.

Mulama huyo hawezi kuachilia gunia la vitunguu bila risiti, lakini ofisi nzima aliachilia hivyo hivyo.

Na unajua alimwambia Emmaculate nini, wakaguzi wakisikia? "Lakini si umeona disk bado ni nzima."